Chai Kuliko Fanta

Kaka yangu mkubwa alipotuma mtu kutoka Nairobi kusema amempatia binti yangu nafasi katika shule ya bweni, nilikubali kabla mjumbe hajamaliza kunywa maji. Nilipaswa kukataa. Lakini bunduki zilisikika milimani, shule zetu za Bujumbura zilifunguliwa na kufungwa, nami nilitaka mtoto wangu atoke, basi.

Sharti lilikuwa moja: ahojiwe kwa Kiingereza na mwalimu mmoja wa kigeni aliyekaa Kiriri, mtaa wa juu mlimani. Nilikuwa karani bandarini. Kiingereza nilikiokota kwenye makaratasi ya mizigo na katika kitabu kimoja cha mazoezi. Nikaamua kumfundisha mwenyewe, kila alasiri, uani kwetu Buyenzi.

Kilichotushinda mwanzoni ni kuchagua. Kwetu mgeni akiulizwa atakunywa nini, hujibu, "Chochote." Binti yangu alilelewa hivyo.

"Chai ao Fanta?" nilimwuliza.

"Yoyote, baba."

"Apana! Muzungu anataka uchague."

"Basi chai."

"Kwa Kingereza!"

Akasema, "I prefer tea than Fanta," akifuata "kuliko" ya kwetu. Nikamsahihisha: "prefer" huenda na "to", "than" ni ya "would rather". Tulirudia na kurudia, hadi mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akacheka.

"We, Fanta yenyewe iko wapi? Unachagulisha mutoto vitu havipo!"

Siku moja nikamwambia atunge sentensi yake mwenyewe. Alinitazama, akasema polepole, "I would rather stay with Mama than go to Nairobi." Yaani afadhali abaki na mama yake kuliko kwenda Nairobi.

Nilipiga makofi. "Unaona? Hakuna kosa hata moja!"

Mama yake aliacha mchele. "Amesema nini?"

"Amesema vizuri," nikamjibu. Kisha nikamgeukia mtoto. "Sasa igeuze. Nairobi ikuwe mbele."

Akaigeuza.

Kule Kiriri aliisema hiyo iliyogeuzwa bila kukwama. Mwalimu akamsifu. Nilishuka mlima kifua mbele, binti yangu akinifuata kwa nyuma.

Alipokuwa mwaka wa pili shuleni Nairobi, mama yake aliugua. Magari yalikuwa yakishambuliwa barabarani, nikamwamuru asije. Tulizika bila yeye.

Vita vilikwisha, hakurudi. Ana kazi huko, ana watoto. Nikimpigia simu hupokea, huniamkia kwa adabu, huuliza habari za mguu wangu. Mwezi uliopita nilimwambia kuna mtu anasafiri, nikamwuliza angependa nimtumie nini kutoka nyumbani.

"Chochote, baba."

Mke wangu alikufa bila kumwona mtoto wake. Na tangu alasiri ile uani, binti yangu hajaniambia tena anachotaka.