Bastola ya Nassor Haikuwa na Kosa

Kosa lilikuwa langu. Si la bastola, si la upepo, wala si la umri wa mtu. Langu! Na nimelificha miaka sita, huku nikinywa kahawa nyumbani kwa yule yule niliyemkosea.

Nimeomba jina langu lisitajwe, maana hapa Maskati sisi wenye asili ya Unguja tunajuana mpaka majina ya paka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanachama wa klabu moja ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Sib. Klabu ilikuwa na chumba cha kujazia risasi za bastola, kwa kibali, na ufunguo nilipewa mimi. Wenzangu wakiniita Fundi. Basi kichwa kikavimba!

Ngoja nikueleze kidogo. Usiogope, si jambo gumu. Risasi ya kujaza mwenyewe inataka kitu kimoja kuliko vyote: zote zifanane. Mashine inapima baruti kila unapoushusha na kuupandisha mkono wake. Ukivuta vile vile kila mara, baruti huingia kiasi kile kile, na risasi zote hutoka kwa kasi moja. Ukisitasita katikati, moja hupata zaidi, nyengine pungufu. Ni hilo tu.

Nassor, mtoto wa ami yangu anayekaa Hail, alikuwa akiwania nafasi ya mwisho katika timu ya klabu iliyokuwa ikienda Bahrain. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hakuwa amepata kufika karibu hivyo! Kwenye mashindano yetu ya mchujo waamuzi huchukua risasi chache za kila mtu, wakazipima kasi. Zikiwa chini ya kima, yaani kasi ndogo kabisa inayokubaliwa, alama zako zote hazihesabiwi.

"Mie nnataka kupigia za dukani," akanambia. "Nnazijua."

"Za dukani, na mie nipo? Acha nikujazie, yakhe!"

Jamani, mdomo huu!

Nilizijaza Alkhamisi alasiri. Mara akaingia Mzee Khalfan, mkubwa wetu klabuni, na dele la kahawa na tende. Kwetu mdogo ndiye anayemimina, na haachi mpaka mnywaji atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Mzee Khalfan hatikisi! Navuta mkono wa mashine, kikombe hicho kinanyooshwa. Nauacha katikati, namimina, narudi. Tena alikuwa na maswali, na mimi ugonjwa wangu ni kueleza.

"Na ukiuacha hapo kati, haidhuru?" akauliza.

"Haidhuru, mzee wangu. Kunywa tu."

Ijumaa asubuhi nikapima kasi ya risasi kumi, namba nikaziandika kwenye karatasi. Kima chetu kilikuwa futi elfu moja na kumi kwa sekunde. Moja ikasoma elfu na sitini. Iliyofuata, mia tisa sitini na mbili! Zilikuwa zikiruka huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa. Lakini wastani ulivuka kima, chupuchupu.

Na wastani, ndugu msomaji, unadanganya kwa upole. Mmoja kala sahani mbili za pilau, mwengine hakuonja hata punje: kwa wastani kila mtu kala sahani moja!

Nilipaswa kuzifungua zote nianze upya. Badala yake nikaziacha garini, juani, nikaenda kusali Ijumaa. Na nilijua nifanyalo! Baruti ile ikipata joto huongeza kasi. Baada ya chakula nikapima nyengine mbele ya Nassor, za moto kama mikate, na zote zikapita. Karatasi ya asubuhi ilikuwa mfukoni mwangu.

"Umeona? Mia kwa mia!"

"Fundi wewe!" Akanibusu paji la uso.

Siku ya mashindano zilikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mwamuzi akachukua chache, akapima. Chini ya kima. Na siku hiyo Nassor alilenga kama hajapata kulenga maishani! Alama zote zikafutwa.

"Bastola imezeeka," akasema, akiifuta kwa leso. "Nami nimezeeka nayo."

Ningeweza kusema pale pale. Nikasema, "Huenda." Huenda! Aibu iliyoje! Akaiuza, na hakulenga tena.

Mwezi uliopita, sebuleni kwake, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote, nikampa ile karatasi. Akavaa miwani, akaisoma. Nikangoja matusi.

"Ya chini kabisa ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mia tisa sitini na mbili." Akaikunja. "Ungenambia hii moja tu, yakhe, ningepigia za dukani."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha! Kisha akanimiminia kahawa. Nikanywa, nikatikisa kikombe nipate kuondoka. Akamimina tena.

"Kunywa," akasema. "Leo huna mashine."

Kwa hiyo wewe unayejaza, na hasa unayemjazia mwenzio: kahawa ikiingia, simamisha kazi, mimina mpaka mgeni atosheke, ndipo urudi. Ukiharibu, usife moyo. Risasi mbovu hufunguliwa na kujazwa upya kwa alasiri moja, mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini usimsomee mwenzio wastani. Msomee namba ya chini kabisa, kisha unyamaze, aamue mwenyewe.