Ramani ya Syria Kwenye Ukuta wa Mashine

Nianze na kosa langu, maana nikilificha mtalisikia kwa wengine. Ramani ile niliichora mimi. Niliichora kwa makaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikaibandika kwa misumari minne kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, huku watu wakisubiri unga wao. Ilikuwa ramani ya Syria. Kila aliyekuwapo siku ile anajua ilikuwa ya Syria, na aliyejua kuliko wote ni mwenye ukuta.

Huyo mwenye ukuta niliingia naye jando msimu mmoja. Kwetu Tarime, mtu wa saro yako, yaani mliyetahiriwa naye pamoja, si rafiki wa hivi hivi. Mlisimama pamoja kwenye baridi ya alfajiri, mkajikaza pamoja, na tangu siku hiyo akija kwako humnyimi chakula, na hakuna anayesimama mbele ya watu kumshtaki mwenzake. Ndivyo tulivyofundishwa. Baadaye yeye akaenda jeshini, mimi nikaenda chuo cha ualimu, na wote wawili tukarudi kijijini. Mimi nikafundisha historia na jiografia sekondari ya kata. Yeye alipostaafu akanunua mashine, sola, na televisheni ndogo aliyoiweka juu ya rafu, mbali na vumbi la unga.

Televisheni ile ndiyo iliyotuletea Syria. Nikitoka shule saa kumi nilikuwa napitia pale, na tulianza kubishana tangu siku zile za mwanzo, watoto wa shule walipoandika ukutani kwamba hawamtaki rais, wakakamatwa. Mimi nimechapa wanafunzi kwa kuandika ukutani mambo mabaya zaidi ya hayo, ndiyo maana habari ile ilinichoma. Nikasema watu wale wana haki ya kuinuka.

"Mura, wewe hujawahi kushika bunduki," akaniambia, kama wanaume tunavyoitana kwetu, huku akimimina mahindi kwenye mashine. "Serikali ikianguka, anayeiokota siyo mwenye haki. Ni yule aliyekuwa karibu."

Kwa sababu ya ngurumo ya mashine tulibishana kwa kupaza sauti, na mgeni aliyepita barabarani angedhani tunagombana. Miaka ikaenda. Maandamano yakageuka vita, vita ikawa na pande tatu, kisha nne, na mataifa makubwa yakaingia kila moja na mtu wake. Mimi nilibaki upande wa walioinuka hata baadhi yao walipoanza kufanya mambo ya aibu. Niliwatafutia visingizio, nakiri. Yeye alibaki na rais wake hata miji ilipogeuka vifusi, akisema daima kwamba bila yule bwana ingekuwa mbaya zaidi.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetukera wote wawili. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka Tanga, Mwislamu pekee kati ya watumishi wa kijiji, na kila mmoja wetu alimtaka amuunge mkono.

"Nyie mnafikiri mimi nina shamba Syria?" alituuliza siku moja. "Kila siku mnawataja wenye bunduki. Hospitali ikipigwa, yule nesi wa zamu anakwenda wapi na wagonjwa wake? Hilo hamjaulizana hata mara moja, mwalimu."

Akajitwika unga wake akaondoka. Sisi tukaendelea pale tulipoishia.

Kuna siku nyingine ninayoikumbuka vizuri. Taarifa ya habari ilikuwa inaeleza jinsi watu wa kule walivyokuwa wakiwataja majirani zao kwa askari. Nikasema watu wa namna hiyo ni mbwa. Rafiki yangu akajipangusa unga mikononi, taratibu, akasema yeye angetaja.

"Ungemtaja jirani yako?"

"Wakija kwangu, na watoto wangu wako ndani, ningetaja. Hata wewe ningekutaja."

Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa hiyo ramani. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mtama wake alichoka na kelele zetu, akauliza nani hasa anapigana na nani huko. Nikaokota kaa la moto uliozimika nje. Nikachora bahari, nikachora mto Frati, nikaweka nukta ya Aleppo na ya Dameski, maana Dameski hata mzee aliijua kutoka kwenye Biblia. Lakini majina ya vile vikundi yananishinda hata mimi, sembuse mzee. Basi nikafanya upumbavu ambao mwalimu wa Kikurya pekee ndiye anaweza kuufanya: nikatumia koo zetu. Rais nikampa ukoo wetu, kwa sababu ameshika barabara na miji. Waasi wa kaskazini nikawapa jina la ukoo wa ng'ambo ya mto, tuliogombea nao mipaka tangu enzi za babu zetu. Nikaweka na vishale kuonyesha wanakosonga.

"Kumbe!" mzee akasema, akajipiga paja. Alielewa palepale. Darasani sijawahi kueleweka namna ile, na kwa majivuno yangu nikaiacha karatasi ukutani.

Rafiki yangu naye alikuwa amekuja kuitazama. "Aleppo umeishusha mno," alisema, akaifuta kwa kidole chake chenye unga na kunionyesha pa kuipandisha. Mwanajeshi huyo, amesoma ramani maisha yake yote.

Karatasi ilikaa pale miezi. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wakaibwa na nyayo zikavuka mto. Yowe likapigwa. Kwa siku tatu watu walirushiana mishale, nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, mpaka polisi walipofika kutoka mjini. Muuguzi wetu aliwashona majeruhi wa koo zote mbili kwenye benchi moja, na walioketi pale hawakutazamana. Mambo yalipotulia, mtu akakumbuka kwamba wale wa ng'ambo waliingilia upande wa kaskazini, na kwamba mwalimu alikuwa amechora mishale ikitoka kaskazini. Mwingine akakumbuka kwamba mama yangu kazaliwa kule, basi ikawa mimi ndiye niliyewachorea njia.

Mama aliolewa huku akiwa msichana. Alizaa watoto saba, akazika wanne katika udongo wa huku, lakini siku ya vita akawa tena binti wa ng'ambo, na mimi mjukuu wa ng'ambo.

Likaitwa ritongo, ule mkutano wa wanaume wote wa ukoo ambako kesi huamuliwa bila hakimu wala wakili. Karatasi yangu ikatandikwa kwenye majani, ikawekewa mawe pembeni isipeperuke. Majina ya koo yalisomeka vizuri kabisa. Neno Syria sikuwa nimeliandika popote, wala majina ya miji. Ningeliandika la nini, na kila mtu alijua? Nikaeleza. Nikawaonyesha bahari, nikawauliza sisi tuna bahari wapi. Mtu mmoja akajibu kwamba hilo ni ziwa.

Muuguzi alikuja hadi ukingoni mwa uwanja akitaka kusema. Akaambiwa pale mwanamke hasemi, wala mgeni. Sikujali sana, kwa sababu nilikuwa na shahidi wangu. Nikasema: muulizeni mwenye ukuta.

Akasimama, kofia mkononi. Hakunitazama.

"Nilimwona anachora," akasema. "Sikumuuliza anachora nini. Mimi ni mtu wa mashine, ramani siijui."

Akaketi.

Pale alipoifuta Aleppo alama ya kidole chake ilikuwa bado inaonekana, nyeupe juu ya makaa. Ningeweza kuinyooshea mkono. Ningeweza kuwaambia: mleteni aweke kidole chake hapa. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu wa saro yako hashtakiwi mbele ya watu, nikakaa kimya kama mjinga. Mila ile ilinifunga mimi, yeye ilimwachia apite.

Nikatengwa mpaka koo zitakapopatana. Asinisalimie mtu, asinisagie mtu, asifike mtu kwangu kwenye msiba. Mahindi yangu nikawa nayapeleka kwa bodaboda hadi Bomani kusagwa. Wanafunzi waliniamkia darasani kwa sababu ni sheria ya shule, lakini nikikutana nao barabarani waligeuka kutazama mashamba. Hayo yote niliyameza. Kilichonikosesha raha ni mama, ambaye alikuwa hainuki tena kitandani. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani na wenzako wa saro. Mwana wa marehemu hashiki jembe.

"Nani atanichimbia?" aliniuliza mama, si mara moja.

"Watakuja, mama. Hasira zitakuwa zimeisha."

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Kaburi lilichimbwa na walimu wawili wageni, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Kagera, pamoja na mlinzi wa zahanati. Muuguzi alimwosha. Ndugu zake wa ng'ambo hawakuthubutu kuvuka mto. Katekista aliharakisha sala akitupia macho barabarani. Na tulipokuwa tunateremsha jeneza, nikaisikia mashine.

Kijijini kwetu mtu akifa mashine huzimwa mpaka kaburi lifunikwe, hata kama ni kichanga cha siku mbili. Ilikuwa desturi yake mwenyewe rafiki yangu, aliianzisha yeye, na tulimsifu kwa hilo. Siku ya mama iliunguruma tangu jeneza linatoka ndani hadi tuliposimika msalaba. Nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, na kusema kweli hata sasa haijaisha yote.

Wiki chache tu baadaye koo zikapatana. Ng'ombe akachinjwa, wazee wakashikana mikono, nikafunguliwa. Watu wakaanza kuniuliza habari za nyumbani kana kwamba nilikuwa safarini.

Desemba hiyo rais wa kule akakimbia nchi yake. Nilikuwa nimeketi nje baada ya ibada, nikamwona mwenzangu wa saro anaingia uani na simu mkononi. Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Mtu wangu amekimbia," akasema, akicheka kidogo. "Umenishinda, mwalimu. Miaka yote ile ulikuwa na haki."

Mke wangu alinitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa, akaleta ugali na samaki, kwa sababu mtu wa saro humnyimi chakula. Akala. Alieleza kirefu jinsi miji ilivyoanguka mmoja baada ya mwingine, Aleppo kwanza, akichora kwa kidole juu ya benchi. Aliiweka Aleppo mahali pake sawasawa.

"Ile karatasi," nikamuuliza, "ilikuwa ramani ya wapi?"

Kidole kikasimama.

"Ya Syria."

"Mbona hukusema?"

Akanawa mikono, akaikausha kwenye suruali. "Ilikuwa ukutani kwangu, mura. Ningekutetea, wangesema tulipanga wote. Na watoto wangu je?"

"Na mashine? Siku ya mama."

Hapo aliinamisha kichwa. Kaburi la mama liko hatua chache tu kutoka kwenye lile benchi, na alikuwa amekaa akiligeuzia mgongo.

"Ningeizima, wangeona," akasema. Kisha, kwa upole kabisa, kama mtu anayenikumbusha jambo tulilokwisha kukubaliana: "Si nilikuambia mimi? Siku ile, kwenye foleni. Si ulinisikia?"

Nilimsikia. Watu wote walimsikia. Alikuwa ameniambia mchana kweupe kwamba hata mimi angenitaja, na mimi nikacheka kuliko wote, nikidhani tunaongea habari za Syria.