Pumzika Hapa Utazame Mardhiya

Barabara ya Kiuyu ikishaiaga mikarafuu huingia maweni, nchi ya mawe makali na vichaka vya miiba, jua likikuchoma kwa juu na jiwe likikuchoma kwa chini. Mvua ikipita huko hupita kama mkwe aliyenuna: waiona, haikusalimu. Hapo ndipo ilipo nyumba ya Bi Mardhiya, peke yake kando ya njia. Mbele yake barabara, ng'ambo ya barabara genge la jabali, na chini ya genge bahari.

Bi Mardhiya alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwanamke ambaye ulimi wake hufika kabla yake. Mwaka huo binti yake Ruweida alijifungua kule Shumba, naye akaenda kumlea mzazi mpaka arobaini ikatimia. Aliporudi, akashushwa na mizigo yake mbele ya nyumba, akaona kitu ambacho hakukiacha: benchi refu la saruji, jipya, ng'ambo ya barabara. Limeipa bahari mgongo na uso limeuelekeza mlangoni kwake. Juu yake wamekaa bwana mmoja na mkewe, wasafiri, wanatafuna muhogo wa kuchoma na kutazama kamba yake ya kuanikia nguo.

"Assalamu alaikum," Bi Mardhiya akasema.

"Waalaikumu ssalaam," bwana akajibu, akamtazama juu mpaka chini. "Samahani, bibi. Ndiwe Mardhiya?"

"Ndimi. Kwani nna nini?"

"Huna neno. Twapumzika tu."

Mkewe akamfinya. "Ushamuona. Basi, twende zetu."

Walipoondoka, Bi Mardhiya akageuka na kukiona kibao kilichosimikwa kando ya benchi, herufi nyekundu, kubwa, zisizo na aibu: PUMZIKA HAPA UTAZAME MARDHIYA MZURI. Akaanza kukisoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina lake akamalizia kimoyomoyo.

Mizigo akaiacha palepale, akaenda kwa sheha wa kijiji, Mzee Ahmada.

"Sheha, nimekosa nini mpaka natangazwa njiani?"

Mzee Ahmada akajifuta mdomo kwa kofia yake ili asionekane anacheka. "Mie nilidhani umeridhia, Bi Mardhiya. Nikasema mjane naye ana haki ya kutafuta."

"Kutafuta nini?"

Sheha akaona swali hilo halina jibu la salama. Akaagiza aitwe fundi Soud, aliyelijenga benchi na kukiandika kibao. Soud alikuwa mwanamume mpole wa makamo, mgane, mzito wa maneno, na saruji ilikuwa haijamtoka kwenye nyusi.

"Bwana Ishak wa mradi wa serikali wa barabara alinipigia simu," akaeleza. "Siku ile upepo ulikuwa mkali. Akasema benchi liangalie Mardhiya, na kibao kiandikwe wasafiri wapumzike watazame Mardhiya nzuri. Mie nikaona hapo kakosea, ntu haambiwi nzuri. Nikamrekebishia."

"Mandhari, we Soud!" Bi Mardhiya akapiga kelele. "Man-dha-ri! Bahari ile, mawe yale!"

"Kumbe." Soud akajipangusa saruji kwenye nyusi. "Nilijiuliza, lakini si kazi ya fundi kuiuliza serikali yataka kutazama nini."

"Na hukujiuliza, kwa umri wangu huu, kimebaki nini cha kutazamwa?"

Soud akainamisha macho. "Kutazamwa wewe, hilo sikuliona ajabu," akasema taratibu.

Sheha akakohoa. Bi Mardhiya akafunga buibui lake akarudi nyumbani.

Bwana Ishak alipopigiwa simu aliahidi kuja kurekebisha, na ahadi ikabaki ahadi. Wasafiri nao hawakungoja. Kila aliyesoma kibao alisimama. Bi Mardhiya akahamishia nguo za kuanika nyuma ya nyumba, hasa shimizi lake la zambarau. Akajenga uzio wa makuti mbele ya ua, na upepo wa maweni ukauchukua wote ukaivisha miiba. Akajifungia ndani. Lakini anayejifungia ndani huku nje pana watu huishia kuchungulia, nao nje wakamwona anachungulia, ikawa fedheha zaidi.

Mchana mmoja wa jua kali akashuka garini mwanamke mja mzito, akakaa benchini, midomo imemkauka. Bi Mardhiya akastahimili kidogo, kisha akashindwa. Anayekaa mlangoni kwako ni mgeni wako, awe amekuja kwa wema au kwa kibao. Akampelekea maji, kisha chai, kisha mkate wa ufuta uliobaki asubuhi. Mwanamke alipoondoka alimwombea dua ndefu, na huko alikokwenda akasimulia.

Basi ikawa imekuwa. Watu walianza kuja na njaa zao makusudi. Bi Mardhiya akawa anaamka mapema kukanda unga, na kabla ya kufagia ua hupitisha wanja machoni, "vumbi lisiniingie," alivyokuwa akisema. Ruweida akapiga simu.

"Mama, kuno Shumba watu wanasema umewekewa benchi."

"Waambie waje. Nafasi ipo."

Hatimaye akaja Bwana Ishak mwenyewe, suruali imepigwa pasi, uso wa hasira. Akakiona kibao, akashika kichwa. Akaliona benchi, akashika kiuno. Kabla hajashika kingine Bi Mardhiya akamwekea sahani ya pweza wa nazi, naye akakaa, akala, uso kaelekeza nyumbani kama wageni wengine.

"Hili halivunjiki," akasema alipokwisha kulamba vidole. "Kuvunja kwahitaji kibali, nami sina. Kibali cha kujenga ninacho."

Soud akaitwa tena, safari hii akaandikiwa kila neno. Akajenga benchi la pili pembeni ya la kwanza, likaikabili bahari, na kibao chake kikasema MANDHARI NZURI, sawasawa. Wasafiri wakashuka, wakaitupia bahari jicho moja. Bahari hata kwao ipo. Kisha wakageuka kuuliza leo kumepikwa nini. Benchi jipya wakaachiwa mbuzi.

Lakini ikifika alasiri, Bi Mardhiya hufukuza mbuzi akakaa yeye. Kutazamwa mchana kutwa kunachosha, akaona, na upande ule hakuna anayekuona ila Mungu. Kumbe maji yale chini ya genge yana rangi nyingi, naye alikuwa ameishi nayo miaka yote bila ya kuyaangalia.

Siku moja akatokea Soud na mwiko wake wa uashi, akaanza kusugua saruji ambayo tayari ilikuwa laini.

"Limekaaje?" akauliza.

"Limekaa vyema. Ila upande huu pana kokoto, yanichoma."

Soud akapapasa, asione kokoto. Akapapasa tena, taratibu zaidi.

"Hiyo haitoki leo," akasema. "Itabidi nije tena kesho."

"Njoo asubuhi," Bi Mardhiya akamwambia, macho baharini, "kabla hawajaja watazamaji."