Mtanzania wa Nyumba ya Pili

Siku tuliyohamia Temeke, nikiwa bado nimeshika kitanda upande mmoja na mke wangu kashika upande wa pili, bibi mmoja wa nyumba ya jirani alitoka barazani kwake kuja kututazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Nyie wanangu watu wa wapi?"

Nikatua kitanda. Nikanyoosha shati. Nikamjibu, "Sie ni Watanzania, bibi."

Nimefanya ujinga mwingi maishani, na mwingine ulinigharimu jasho kuufanya. Huu ulinitoka bure kama pumzi. Bibi alisema, "Aa," akarudi barazani kusuka ukili wake wa mkeka. Mie nikainua kitanda nikiamini nimemfundisha kitu.

Lazima niseme nililitoa wapi jibu lile. Miaka ile ya Ujamaa tulipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa siasa alikuwa na sheria moja: anayemuuliza mwenzake kabila lake anafyeka majani nyuma ya bweni mpaka jua lizame. Mie nilifyeka mara moja, nikaelewa. Na sheria ile haikuwa ya kipuuzi, maana nilishaona mwanafunzi mgeni akinyimwa kitanda kwa sababu tu ya kule alikotoka. Basi nikamaliza Kidato cha Nne nikijua kwamba "nyie watu wa wapi" ni swali la fitina, na mtu mstaarabu halijibu. Mke wangu, aliyeishia la saba, nikamwagiza naye ajibu vilevile.

"Kwani Tabora iko Ulaya hata tuifiche?" aliniuliza.

"Wewe sema Mtanzania."

Akasema Mtanzania. Alikuwa bado ananitii siku hizo.

Sasa, mie si mtu wa kutoka. Nilikuwa karani wa stoo kiwandani, na nikirudi kazini raha yangu yote ilikuwa kiti changu cha kuegemea, gazeti, na redio ya sauti ya chini. Kiti nilikiweka dirishani nipate upepo. Kutoka pale niliiona baraza ya bibi vizuri kabisa: kinamama na ukili wao upande huu, wanaume na dhumna zao upande ule, wakitaniana kutwa. Huyu anaitwa kichwa kama kifuu, yule anaambiwa kanzu yake imeshonwa na fundi kipofu. Mie niliwatazama nikaona ni watu wazuri, ila hawana la kufanya.

Nikipita mbele yao, kelele zote zilikoma. Dhumna zilisimama hewani. "Shikamoo, mkubwa," aliniambia mtu ambaye bila shaka alinizidi umri. Dukani nako, mzee wa Kiarabu mwenye duka alinihudumia kabla ya waliotangulia, na wao wakanipisha bila kunung'unika. Nilirudi nyumbani nimebeba sukari yangu kama kombe la mpira.

"Unaona?" nilimwambia mke wangu. "Watu hawa hawajasoma, lakini elimu wanaijua thamani yake."

Mke wangu aliendelea kuchambua mchele. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa, na mama yake mzazi yuko Tabora, mbali hata kwa treni. Jioni moja alirudi kutoka bombani na ndoo imejaa mapema mno, akaitua chini kwa kishindo.

"Mie nataka kurudi kwa mama."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, ndiyo shida yenyewe. Nikifika bombani wananipisha kama jeneza. Nikisema neno, wanajibu ndiyo, hapana, basi. Tangu tuhamie hapa hajanitania mtu hata siku moja."

"Wanakuheshimu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mchele wenye mawe. "Siku nikishikwa na uchungu, hiyo heshima itanikanda mgongo? Itanipikia uji? Au utanipikia wewe?"

Swali hilo la mwisho lilinichoma, maana mie nilijua kupika chai tu, tena maji yawe yamechemshwa na mtu mwingine. Nikaomba anipe muda nifikirie. Akasema nifikirie mpaka Jumapili, baada ya hapo anafunga sanduku. Nikakaa kwenye kiti changu nikafikiria, na nilichokiona ni kwamba wanawake wajawazito wana hasira.

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Nilirudi mchana, nikaingia ndani, nikavua viatu, nikataka kukaa. Kiti hakipo. Mke wangu hayupo. Sanduku nililiona juu ya kabati, nikapumua. Lakini kiti?

Kutoka nje nikakiona. Kiko barazani kwa bibi, na bibi mwenyewe kajinyoosha juu yake, miguu mbele, ukili mapajani. Mke wangu kakaa mkekani, mama mmoja anamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, naye anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Tabora.

"Shikamoo, bibi," nilisema. "Samahani, hicho kiti ni changu."

Bibi hakuitikia. Aliwageukia wenzake. "Jamani, siku hizi watumwa nao wana viti?"

Baraza nzima ikalipuka. Mie damu ikanipanda. Nikasema kwa Kiswahili changu cha sekondari kwamba kuchukua mali ya mtu bila idhini ni kosa, na kwamba nitalazimika kumwita balozi wa nyumba kumi.

"Balozi mie hapa," alisema mzee mmoja bila kuinua macho kwenye dhumna. "Na kiti nimekibeba mie. Kizito, kinakutosha kwa uvivu wako."

Ndipo mke wangu alipojifuta machozi ya kicheko akaniambia, "Nimewaambia. Asubuhi bibi kaniuliza tena, nikamwambia sie Wanyamwezi wa Tabora."

Na bibi yule ni Mzaramo.

Babu yangu alinieleza mambo haya nikiwa mdogo, kabla mwalimu wa siasa hajanisahaulisha. Tangu wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Anakutukana, hukasiriki. Anachukua kitu chako, hudai. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuja kukuchekesha na kukuzika. Swali la bibi halikuwa la kunitafutia kasoro. Alitaka kujua tu mlango wa kuingilia kwangu, nami nikaufunga.

"Tulikuogopa wewe!" alisema bibi. "Mtu unamuuliza kwao, anakujibu kama redio. Halafu jioni nzima kakaa dirishani, anatutazama sie, hasemi, hacheki. Tukasema huyu si bure, huyu kaletwa na serikali kutusikiliza."

"Mie sijalalamikia bei ya kitu tangu umehamia," alidakia mmoja wa wachezaji. "Tumbo limenivimba kwa maneno."

Nikamkumbuka mwenye duka na sukari ile. Nikaikumbuka ile "shikamoo, mkubwa". Kumbe wakati mie nawatazama nikaona watu wanaoiheshimu elimu, wao walikuwa wanatazama dirisha lenye macho. Kila upande ulikuwa na hakika, na ushahidi ulikuwa uleule mmoja. Nilitamani mtu mmoja anicheke kwa dharau, nipate sababu ya kuondoka nimekasirika. Walicheka wote kama wanamcheka ndugu yao, kwa hiyo sababu nikaikosa.

Nilichuchumaa karibu na mke wangu nikamnong'oneza, "Na kesho? Bado unasafiri?"

"Niende wapi tena?" alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Bibi kasema uchungu ukianza nipige ukuta tu. Kama kuna wa kusafiri, basi wewe."

Nikatafuta neno la utani la kuwarudishia. Babu yangu alikuwa nayo mengi. Mie nikapata moja tu, kuhusu Wazaramo na ngoma, nalo likanitoka kama hotuba ya ufunguzi wa mkutano. Hakucheka mtu. Bibi aliacha kusuka, akanitazama kwa huruma, akasema:

"Mkeo tunaye, hana tatizo. Tatizo wewe: unaogopa watu, halafu unasema umesoma."