Kiti cha Heshima cha Mzee Kalamu

Chuoni walimwita Mzee Kalamu, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeandika kwa mkono majina ya wahitimu kwenye vyeti, kwa wino mweusi usiofutika. Mfupi wa kimo, mrefu wa maneno, alijisifu kwa kila aliyemsikiliza kwamba hajawahi kuharibu cheti.

Mwaka huu aliharibu vinane kwa wiki moja. Shingo ilikakamaa, bega likawaka moto, vidole vikafa ganzi, na herufi zikaanza kuyumba kama zimelewa. Akaficha, lakini wapi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkuu wa chuo akaviona vile vyeti kwenye kapu la taka.

"Mzee wangu," alimwambia kwa upole, "nakupa wiki mbili. Mwandiko usipotengemaa, kazi tunaipeleka kwa mashine."

Maneno hayo yalimuuma kuliko bega. Aliipenda ile kazi, tena sana.

Mkewe, fundi cherehani, alimwona asubuhi akihangaika kufunga vifungo vya shati. Hakuuliza mara mbili. Saa nne akaibuka ofisini, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Hebu kaa kama unavyokaa kila siku."

Mzee akakaa kwenye fahari yake: kiti cha ngozi, kirefu, kinachozunguka, alichoachiwa na mkuu aliyestaafu, mtu mrefu kama mlingoti. Mkewe akaangua kicheko.

"Baba wee! Miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi! Na ulivyoinama huko juu, unaandika au unachungulia kisima?"

"Hiki ni kiti cha heshima, mama."

"Heshima ya nani? Nikikushonea suruali kwa vipimo vya jirani, utaivaa?"

Mkewe akampima kisigino hadi goti, makalio hadi kiwiko, kisha akaburuta kiti cha mbao cha wageni na kukiwekea mto mgongoni. Nyayo zikakanyaga sakafu, viwiko vikalala mezani. Ubao wa kuandikia uliokuwa mezani akauinua upande wa mbele kwa vitabu viwili, shingo isiinamishwe tena. Kisha akatoa sharti: kila vikitimia vyeti vitano, mzee ainuke, azunguke uwanja wa chuo.

Siku za kwanza aliona aibu. "Mzee, unapima kiwanja?" makarani walimtania dirishani. "Napima kaburi la uvivu wenu!" akawajibu, akaendelea kutembea. Wiki ya pili vidole viliamka. Siku moja aliandika vyeti arobaini bila kuharibu hata kimoja, huku akipiga mluzi.

Siku ya hukumu mkuu akaja mwenyewe. Akachukua cheti, akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama juu mpaka chini.

"Mashine isubiri," mkuu alisema hatimaye, akamsogezea cheti kingine kisicho na jina. "Haya, niandikie na hiki, nakingoja hapa hapa."

Mzee Kalamu akafunika chupa ya wino, akasimama.

"Nitakuandikia, mkuu wangu, lakini vitano vimetimia. Ngoja kwanza nizunguke uwanja."

Mkuu akabaki mdomo wazi. Kisha akajishika kiuno, akajinyoosha kwa kuguna, akamfuata.