Mama, Paka na King'ora cha Sebuleni

Mimi na wezi hatupikiki chungu kimoja. Waliponibebea televisheni mchana kweupe, mimi niko dukani kwangu hapa hapa Makanyagio, nilimwita fundi akanifungia king'ora sebuleni. Ni kidude cheupe juu ukutani: kikihisi kitu kinatembea, mtaa mzima utajua. Nikawa nakiwasha kwa rimoti kila nikienda dukani, na roho ikatulia.

Halafu nikamleta mama kutoka Kasokola. Alikuwa ameugua msimu mzima wa mvua, na kule hana hata wa kumchemshia uji. Nilitaka akae kwangu moja kwa moja. Alikubali kwa shingo upande, akaja na paka wake kwenye kikapu.

"Huyu akifukuzwa, na mimi naondoka," akasema, hata shikamoo yangu hajaiitikia.

Nilimwonyesha chumba chake na ua wa nyuma, nikamsihi asipite sebuleni nikiwa nimetoka. Mama alielewa. Paka sasa! Siku ya kwanza tu, kelele. Majirani wakaja mbio na mipini ya majembe, mimi nikadandia bodaboda, duka nimeliacha wazi. Tukamkuta bwana mkubwa juu ya kochi anajilamba makucha. Kesho yake tena. Mwishowe majirani hata kwenye viti hawainuki: "Si yule paka tu?" Jamani, na mwizi akija kweli je? Mama naye akaanza kukunja vitenge vyake.

"Nyumba yako inanifokea, mwanangu. Nirudishe kwangu."

Damu ilinichemka. Nikampigia fundi simu, nikamfokea mpaka akaanza kuniita shangazi. Akaja, akapanda ngazi, akachokoachokoa.

"Nimekipunguzia ukali, shangazi. Vinyama vidogo vitapita tu. Ila mtu mzima akipita, lazima kilie."

Nikapita mwenyewe. Weee! Masikio yaliziba. Paka akapita, kimya. Nilipiga vigelegele peke yangu, mama akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Vitenge vikarudi kabatini.

Siku moja nilirudi mapema kuchukua chaji ya simu. Kabla sijakizima kidude, nikachungulia dirishani. Namwona mama anakatiza sebule na mkongojo wake, ameinama, polepole, mpaka kwenye kochi. Nikaziba masikio. Kimya.

Nikakizima, nikaingia. "Mama! Hakijakupigia kelele?"

"Kinipigie kwa lipi? Mimi napiga hodi kwanza, nakiamkua, ndiyo napita. Nyie mnapita tu kama mbuzi."

Nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Mama akacheka na pengo lake. Halafu nikayakumbuka maneno ya fundi, na kicheko kikanikauka mdomoni. Kidude kilikuwa kimemhesabu mama yangu pamoja na paka.

Nikamkumbatia. Ndani ya kile kitenge hamkuwa na mtu wa kujaza hata mkono wangu mmoja. Kila siku nakaa naye mezani, na sikuwa nimeona. Niliumia, sisemi uongo.

"Unanibana, we mtoto," akasema. "Tena nimeshapona. Kesho nirudishe nikapalilie."

"Huendi popote, mama," nikamwambia. "Utaondoka hapa siku hicho kidude kitakapokupigia kelele."