Senene Waliosubiri Mpakani

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule, enzi za Mwingereza, wanaume wa Kimwani walipokula senene asubuhi, mchana na jioni, hata ndizi zikaivia migombani bila mtu wa kuzikata. Nasema wanaume, mwanangu. Sisi wanawake mila ilitutaka tuwakamate, tuwanyonyoe mabawa na miguu, tuwakaange, kisha tushibe harufu.

Umerudi na daftari lako la chuo, unamuuliza bibi yako watu walipatanaje bila kumwaga damu. Basi andika. Na aibu yangu uiandike pia.

Nilikuwa mke mpya, nimeolewa kutoka Buhembe, najiona mzuri, na kweli nilikuwa mzuri. Asubuhi ile mume wangu akakuta kaka yake ameng'oa mulamula, ile miti ya mpaka, akaipanda hatua mbili ndani ya kibanja chetu cha migomba. Wakatukanana. Mimi, ili nionekane mke hodari, nikakimbia ndani nikamletea mume wangu mundu.

Mama mkwe, aliyewazaa wote wawili, akaninyang'anya.

"Binti, chuma umekibeba wewe. Maiti ataibeba nani?"

Nikanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Akawaita wake wa nyumba zote mbili. Tukaketi palepale mpakani, vikapu vya senene mbele yetu, mikono mapajani kama alivyotuagiza. Jua likapanda. Na senene hawasubiri, mwanangu. Wakishinda juani wananuka.

"Mikono yenu imekufa?" shemeji akauliza.

Mume wangu akanigeukia. "Hata wewe?"

Mke mpya hurudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamjibu, "Mimi sinyonyoi mpaka mkae mkeka mmoja."

Wakajaribu wenyewe. Ungewaona! Shemeji, na vidole vyake kama mikungu, kila senene alimkamua utumbo. Mume wangu akashindwa kujizuia.

"Kaka, huyo unamnyonyoa au unamzika?"

"Wako ana miguu yote. Mpe na nauli."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe akatandika mkeka. Wakakaa. Kabla chungu hakijatoka motoni, mulamula ilikuwa imerudi mahali pake, shemeji mwenyewe ameishindilia kwa kisigino. Tulikaanga tukiimba. Mmoja nilimla kwa siri; mila inisamehe, alikuwa mtamu.

Wagombanao ndio wapatanao, mwanangu, lakini si kwa mundu uliowaletea wewe. Usipeleke chuma kwenye ugomvi wa ndugu. Tafuta wanachokihitaji kutoka mikononi mwako, halafu mikono hiyo iweke mapajani, uvumilie kuchekwa. Kukataa nako ni kazi, tena ya jasho.

Mungu akufikishe penye ugomvi kabla ya mundu, na kibanja chako kisikose ndizi. Jana binamu zako waliniletea kikapu cha senene, kila mmoja katazama upande wake. Nikawaambia, "Mimi sinyonyoi mpaka mkae mkeka mmoja."